Futi Tisa

Ufa ulianza nyuma ya kabati la vyombo,
mwembamba kama uzi wa kushonea kanzu.
Mama alisema ni udongo tu, umekauka.
Baba alikoroga saruji kwenye kifuu,
akabandika kipande cha kidole juu ya ufa,
akaandika tarehe kwa msumari.
"Kikikatika hiki," alisema, "msiulaumu ukuta."

Hapa Pongwe tunalala juu ya jiwe jeupe.
Kwingine hulichimba kwa juu, kilima kizima wakikivua shati.
Kwetu walilifuata chini kwa handaki,
maana tabaka zuri, lile la chokaa safi,
limepita chini ya migomba ya watu na makaburi mawili.

Baba, Mzee Semhando, alikuwa mtu wa miega.
Kazi yake kugonga dari na kusikiliza.
Jiwe zima huitika ting.
Jiwe lililoachana na mwenziwe huitika bu,
na ukisikia bu unatoka kwanza, unaeleza baadaye.
Alifundishwa na Ambakisye, Mnyakyusa
aliyekata makaa ya mawe huko kusini
mpaka kikohozi kikampa likizo isiyo na mwisho.
Alimwachia fimbo yenye alama, na neno moja:
usitazame upana wa chumba tu. Pima kimo.

Miaka sita walikata futi tano.
Wanaume waliinama kutwa, wakarudi nyumbani bado wameinama,
na huku juu hakuna kikombe kilichotikisika.
Kisha bei ya chokaa ikapanda.
Shekalaghe, msimamizi, akaja na chaki,
akachora mstari ukutani, juu ya kichwa chake.
Nguzo ni zile zile, alisema. Hatuzigusi.

Hatuzigusi!
Hebu simamisha kinu. Simamisha na mchi kando yake.
Sasa tweka debe la maji juu ya kila kimoja.

Usiku ule baba aligeuza daftari la miega,
na nyuma ya hesabu za magogo ya mkaratusi akaandika:

    Nguzo fupi ni mzazi, hubeba isilalame,
    Dari mwapandisha wazi, futi tisa isimame,
    Nguzo ile haiwezi, japo mwaiona dume,
    Ulichokitoa chini, ndicho udaiwacho juu.

Shekalaghe aliusoma. Akasifu vina.

Chumba cha nne kilianguka Jumatano, saa ya chai.
Hakukuwamo mtu, ila taa na pea ya viatu.
Baba alitueleza akichora kwa kijiti sakafuni:
jiwe likivunjika hujaa kuliko lilivyokuwa zima,
kama mzigo wa kuni ukiufungua, haufungiki tena kwa kamba ile ile.
Basi kifusi hula dari, hujirundika, hupanda,
mpaka shimo lishibe.
Shimo la futi tano lingeshiba mapema, mbali na nyayo zetu.
La futi tisa lilikuwa bado na njaa
lilipoifikia mizizi ya migomba.

Ardhi haikupasuka kwa kishindo.
Ilititia polepole, kama godoro mtu anapokaa ukingoni.
Mlango wa uani ukagoma kufunga.
Mama alimwaga kunde sakafuni azichambue;
zote zikakimbilia pembe moja,
naye akazitazama, asizifuate.
Kaburi la bibi likaegemea lile la babu,
jambo ambalo, anasema mama, bibi hakulifanya hai.

Vipande vya saruji sasa ni kumi na kimoja.
Tarehe naziandika mimi; mikono ya baba inatetemeka.
Tisa vimekatika.

Jana niliichukua fimbo ya Ambakisye,
nikavuta kamba toka mnazi hadi mnazi juu ya bonde jipya,
nikapima katikati: futi tatu na nusu.
Tisa, toa tatu na nusu.
Baba anasema kifusi hubakiza sehemu yake,
deni hili halilipwi lote.
Nilimuuliza ni sehemu gani itakayobaki.
Akagonga sakafu kwa kisigino,
akainamisha kichwa,
akasikiliza.